Lori linachemsha baada ya kubadilishwa injini: vipime hivi kabla ya kufungua silinda hedi

Swali: Injini ya lori langu, dizeli ya silinda sita yenye turbo, ilivunja pistoni. Nikaweka injini iliyotumika ya modeli hiyohiyo iliyotoka kwenye lori jingine. Rejeta, feni na mabomba ni vya zamani. Likiwa tupu linakwenda vizuri, mshale unakaa katikati. Nikipakia na kupanda mlima, mshale unafika kwenye nyekundu muda si mrefu na maji yanatoka kwa nguvu kwenye tangi la akiba. Fundi amebadilisha pampu ya maji, bado. Akatoa thamostati, ikawa mbaya zaidi. Sasa anasema gasketi ya silinda hedi imeungua, tufungue. Nikubali?

Jibu: Usikubali leo. Gasketi inaweza kuwa imeungua kweli, ila kwa uliyoyaeleza hakuna aliyeithibitisha, na vipimo vya kuithibitisha au kuiondolea lawama havichukui hata nusu siku. Lori lililotoka kubadilishwa injini linachunguzwa tofauti na lililoanza kuchemsha lenyewe njiani. Hapa karibu kila bomba, waya, mkanda na kifuniko kimepita mikononi mwa mtu hivi karibuni. Anza na vilivyoguswa, na pima kabla ya kununua.

Maelezo yako yenyewe yameshatoa jibu moja: hali ilizidi thamostati ilipotolewa. Kwenye dizeli nyingi za malori thamostati ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi, hufunga njia ya kwenda kwenye rejeta na kuacha wazi njia fupi inayorudisha maji kwenye pampu. Joto likifika, hufungua njia ya rejeta, na papo hapo kisahani chake cha chini huziba ile njia fupi. Ukiitoa, njia zote mbili zinabaki wazi na maji hufuata iliyo nyepesi: sehemu kubwa inarudi kwenye pampu ikiwa ya moto, bila kuiona rejeta. Likiwa tupu huenda usione tofauti. Likibeba mzigo linachemsha. Kwa hiyo kwanza rudisha thamostati, mpya, ya namba iliyo kwenye kitabu cha injini hiyo, pamoja na sili yake. Usipime kitu kingine kabla ya hapo, maana matokeo yote yatakudanganya.

Ijaribu kabla ya kuifunga, hata kama imetoka kwenye boksi. Bana uzi kwenye mdomo wa vali, ining'inize ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, kisha pasha taratibu huku ukikoroga. Iliyoandikwa 82 iachie uzi karibu na nyuzi 82, na ifunguke kabisa nyuzi 10 hadi 13 baadaye, nafasi ya milimita 8 hivi au zaidi. Ikiishia nusu, haifai. Wakati wa kuifunga, upande wa springi na kidonge cha nta uelekee injini, na kama ina kitundu kidogo chenye kipini kinachocheza, kitundu kiwe juu, kwa sababu ndicho kinachoachia hewa. Injini nyingine zina thamostati mbili ndani ya nyumba moja. Hizo hubadilishwa pamoja.

Halafu jiulize kama mshale unasema kweli. Injini imetoka kwenye lori jingine, na huenda imekuja na sensa yake ya joto. Ukinzani wa sensa hiyo usipolingana na geji yako, mshale unaweza kuingia kwenye nyekundu maji yakiwa nyuzi 90 tu. Waya mnene wa ethi kati ya injini na chasisi nao husahaulika sana. Ukiwasha taa kubwa na mshale ukaruka papo hapo, huo ni umeme, si joto. Tumia kipimajoto cha miale, kile kinachopima bila kugusa, na upime kwenye nyumba ya thamostati, lakini si juu ya alumini inayong'aa, kwa kuwa chuma king'aacho husomeka chini kuliko joto lake. Bandika kipande cha utepe mweusi, kiache kipate moto, pima juu yake. Kwa dizeli nyingi za malori, 85 hadi 95 ukiwa kazini ni kawaida. Ukivuka 105, simama.

Sasa yale maji yanayomwagika. Watu wengi wakiona maji yanaruka husema yamechemka, kumbe yanaweza kuruka yakiwa hata hayajakaribia kuchemka. Kifuniko cha shinikizo cha bar 1 hupandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu kutoka nyuzi 100 hadi karibu 120, na kulanti (dawa ya kupozea injini) iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu huenda juu zaidi. Kifuniko kikiwa kimechoka, maji huchemka kwenye 100, na ukiwa mita 2000 juu ya usawa wa bahari huchemka kwenye 93 hivi. Kwa hiyo, wakati maji yanaanza kumwagika, kipimajoto kinasoma ngapi? Hapa ndipo kesi yako inapogawanyika. Yakitoka kwenye nyuzi 80 na kitu, kuna gesi au upepo unayasukuma, au kifuniko hakishiki, au tangi lilijazwa hadi mdomoni na maji yakipanuka hayana pa kwenda. Yakitoka zaidi ya 105, lori linachemsha kweli na tatizo liko kwenye mzunguko wa maji au wa hewa.

Kifuniko kipime kwa pampu ya mkono ya kupimia rejeta. Kiachie kwenye namba iliyoandikwa juu yake, si chini. Pampu hiyohiyo ifunge kwenye mdomo wa tangi injini ikiwa baridi, jaza mpaka namba ya kifuniko, usizidishe, subiri dakika 15. Mshale wa pampu ukishuka tafuta unyevu kwenye viungo vyote vilivyofunguliwa, kisha rudia injini ikiwa ya moto, kwani kuna viungo vinavyovuja upande mmoja tu. Usifungue mfumo kabla joto halijashuka chini ya nyuzi 50. Maji yaliyobanwa yakiachiwa ghafla hugeuka mvuke usoni mwako.

Tuje kwenye gesi. Asubuhi, lori likiwa limelala, minya mpira wa juu wa rejeta kabla ya kuwasha. Ukiwa bado mgumu tangu jana, ni dalili mbaya. Hakikisha kifuniko ni kizima, washa, uendelee kuushika. Ukikaza ndani ya dakika moja au mbili wakati injini haijapata joto, kitu kinaingiza shinikizo, maana maji baridi hayapanuki kiasi hicho. Kipimo cha pili ni kuelekeza mpira mwembamba kutoka bomba la kumwagia la tangi hadi ndani ya chupa ya maji. Viputo vya mwanzoni ni hewa iliyobaki. Viputo visivyoisha hata baada ya thamostati kufunguka na injini kupigwa resi ni gesi. Cha tatu ni dawa ya kupimia gesi ya mwako: kimiminika cha bluu kinachogeuka njano kikikutana na moshi wa petroli, na kijani kwa dizeli. Punguza maji kidogo kwenye tangi ili yasinyonywe kwenye chombo, na usipime injini ikinguruma tu mahali pamoja. Ufa mdogo kwenye dizeli hujificha mpaka ubanwe, kwa hiyo pima mara tu baada ya kulipandisha lori mlimani.

Viputo vikiwepo, bado usiilaumu gasketi. Lori lako bila shaka lina breki za upepo, na kwenye malori mengi kichwa cha kompresa ya upepo kinapozwa na maji haya haya ya injini. Gasketi ya kompresa ikitoboka, inapuliza upepo moja kwa moja kwenye mfumo wa maji, na dalili zake zinafanana kabisa na za silinda hedi: mpira mgumu, viputo, maji kutupwa nje. Injini yako imekuja na kompresa yake iliyotumika. Kuna mafundi wanaofungua silinda hedi mara mbili kabla ya kuikumbuka. Jaribio lake halihitaji spana. Acha injini ijaze matangi ya upepo mpaka gavana, vali inayoipumzisha kompresa matangi yakijaa, ikate, ule wakati unaposikia upepo ukiachiwa, kisha tazama viputo. Vikikoma, kanyaga breki mara nyingi mpaka kompresa ianze tena kujaza. Vikirudi pamoja nayo, umempata mhusika. Dawa ya bluu nayo itakuunga mkono, kwani upepo wa kompresa hauna moshi na dawa haitabadilika rangi. Kama injini ina kipoza moshi kinachorudisha moshi kwenye mdomo wa hewa, nacho kikitoboka huleta gesi yenye moshi na kula maji bila tone kuonekana chini. Kizungushe nje ya mzunguko, yaani unganisha mabomba yake mawili ya maji pamoja kwa muda wa jaribio, kabla ya kuhukumu hedi.

Tuseme gesi haipo. Jambo linalofuata, na kwa lori lililobadilishwa injini mimi huliweka mbele kuliko pampu na rejeta, ni hewa iliyonaswa. Tangi la akiba la lori si chupa ya kuhifadhia maji tu. Kuna mabomba membamba yanayotoka juu ya injini na juu ya rejeta kuleta hewa tangini, na bomba nene kutoka chini ya tangi kwenda mdomo wa kunyonya wa pampu. Lile nene ndilo linaloipa pampu maji yenye shinikizo. Likiwa limebanwa, limeziba kutu, au limeunganishwa mahali pengine, pampu ikifika mzunguko mkubwa inanyonya kuliko inavyopewa, maji yanageuka viputo vya mvuke kwenye mapanga yake, na mtiririko unakatika wakati mzigo ni mkubwa. Membamba yakibadilishana nafasi, au moja likizibwa kwa bolti kwa sababu "halikuwa na pa kwenda", hewa inabaki kwenye hedi, na sensa iliyozungukwa na mvuke inapeleka mshale juu na chini kama kichaa. Mabomba haya yafuatilie kwa kidole, moja moja, toka mwanzo hadi mwisho, kisha yatenganishe na uyapulize.

Kisha jaza upya. Lori liwe mahali tambarare au pua ikiwa juu kidogo, hita ya kabini ifunguliwe hadi mwisho, vizibo vya kutolea hewa vilegezwe. Mimina polepole, lita 10 kwa dakika zinatosha. Anayemwaga ndoo nzima mara moja anaifungia hewa ndani. Funga kila kizibo maji yakitoka bila viputo, washa bila resi mpaka thamostati ifunguke na mpira wa juu uwe wa moto, uendelee kuongeza. Linganisha lita ulizoweka na ujazo wa kitabu. Zikipungua kwa lita nne au tano, hizo ni hewa, na injini yenye hewa ya kiasi hicho itachemsha hata kama kila kitu ni kizima.

Pampu mliyoweka nayo ina swali lake. Modeli moja ya injini huweza kufungwa kwenye malori tofauti kwa mpangilio tofauti wa mikanda. Kwenye mpangilio mmoja pampu inazungushwa na uso wa ndani wa mkanda, kwenye mwingine na mgongo wake, na hapo inazunguka kinyume. Pampu hizo mbili zinafanana kwa nje na zinaingia kwenye bolti zilezile. Ukiweka isiyo yako, bado itasukuma maji, ila pungufu, kiasi cha kutosha lori tupu na kukwama lenye mzigo. Dalili zako zinaingia humo vizuri sana. Tazama mkanda unavyopita kwenye puli, kisha linganisha mkunjo wa mapanga na pampu iliyotolewa. Mapanga yaliyopinda huwa na ncha zinazorudi nyuma ya mwelekeo wa mzunguko, hayachoti kwenda mbele.

Yapo pia mambo ya aibu ambayo hakuna anayeyataja. Injini ikitolewa, mafundi huziba matundu kwa vitambaa ili uchafu usiingie. Injini iliyotumika nayo huja na vizibo vya plastiki kwenye midomo ya maji. Kitambaa kimoja kikibaki kwenye mpira wa chini, lori tupu litaenda tu. Toa mipira yote mikubwa, tazama ndani kwa tochi, na kwenye kila kiungo angalia kama gundi ya gasketi imefura kuelekea ndani. Mpira wa chini, ule wa upande wa kunyonya, uwe na springi yake. Piga resi huku ukiutazama kwa mbali na feni: ukijikunja, ama springi haipo, ama mpira umechoka, ama vali ndogo ya kunyonya ya kifuniko imekwama, ama rejeta imeziba.

Upande wa hewa, angalia kwanza kama feni iko mahali pake. Mikono ya injini iliyochakaa au iliyofungwa tofauti huisogeza injini mbele au nyuma, na feni hutoka kwenye ngao yake, ile fremu inayoizunguka. Kwa feni inayovuta, karibu theluthi mbili ya upana wa panga iwe ndani ya ngao, na nafasi kati ya ncha na ngao isizidi milimita 25 hivi. Ngao ikikosekana, feni inazungusha hewa ileile ya moto. Feni iliyofungwa ikiwa imegeuzwa uso haipulizi kinyume kama wengi wanavyodhani. Inaendelea kuvuta, ila kwa udhaifu, ndiyo maana haigunduliki haraka. Kilachi ya feni ya mafuta mazito ipime injini ikiwa imezimwa na bado ya moto: ukisukuma panga kwa mkono lazima uhisi ukinzani. Likizunguka lenyewe, imekufa. Zile zinazofungwa kwa upepo mara nyingi shida yake ni bomba la upepo au soketi ya waya iliyoachwa ikining'inia. Feni ikikataa kufunga, hali inakuwa mbaya zaidi kwenye mwendo mdogo wa mlimani, wakati hewa ya mwendo haipo.

Bado rejeta. Injini iliyokaa muda mrefu bila kulanti, au iliyoendeshwa kwa maji matupu, ina kutu kwenye njia zake. Ikianza kufanya kazi, kutu hiyo inabanduka na kwenda kukaa kwenye mirija ya rejeta yako. Na injini ya kwanza ilivunja pistoni. Kama slivu (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) ilipasuka siku ile, oili iliingia kwenye maji, na utando wake ndani ya mirija unazuia joto lisitoke. Ukiona ukungu wa mafuta tangini, osha mfumo kwa sabuni ya kuondoa grisi isiyotoa povu kabla ya yote.

Kuipima rejeta, simamisha lori mara tu baada ya kupanda mlima, acha injini kwenye mizunguko 1500 hivi kwa dakika, soma joto la mpira wa juu na wa chini. Tofauti ya nyuzi 5 hadi 12 ni ya kawaida kwa lori. Maji yakiwa ya moto sana na tofauti ni nyuzi 2 au 3 tu, maji yanapita lakini joto halitoki: mapezi yameziba, feni ni dhaifu, au kuna utando. Tofauti ikifika 20 na zaidi, maji yanapita polepole mno: mirija imeziba, pampu haisukumi, au mkanda unateleza. Pitisha kipimajoto kwenye uso wote wa rejeta, na madoa ya baridi yatakuonyesha mirija iliyokufa. Kuhusu mapezi, usitosheke na uso wa mbele. Intakula (kipoza hewa ya turbo) na kipoza kiyoyozi vimekaa mbele ya rejeta, na manyoya, majani na vumbi hujaa katikati yake ambako huoni. Vitenganishe, safisha kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji ya shinikizo dogo ili mapezi yasilale.

Breki zinazong'ang'ania na muda wa kupuliza dizeli uliofungwa vibaya pia huongeza joto, lakini hivyo huja na dalili zake: ringi za magurudumu kuwa za moto, moshi, nguvu kupungua.

Ikiwa dawa ya bluu imegeuka kijani, na kompresa na kipoza moshi vimesafishwa jina, fundi wako ameshinda na hedi ifunguliwe. Hata hapo, kabla ya kufungua tafuta silinda gani. Toa injekta, peleka pistoni juu kabisa vali zikiwa zimefungwa, zuia injini isizunguke, ingiza upepo wa bar 6 kupitia tundu la injekta, tazama tangi. Silinda inayoleta viputo ndiyo utakayoikagua kwa makini, kwa sababu ukishafungua, ufa wa hedi na gasketi iliyoungua huacha alama tofauti. Pima unyoofu wa hedi kwa rula ya chuma na filageji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), na pima urefu ambao kila slivu imechomoza juu ya bloku ukilinganisha na kitabu. Slivu moja iliyozama itaunguza gasketi mpya kama ilivyounguza ya kwanza. Angalia pia kama gasketi ya zamani ilifungwa imegeuzwa: matundu yake ya maji yakiwa hayalingani na ya bloku, mmiliki wa kwanza wa injini hiyo alikuuzia tatizo lake.

Ukimaliza, weka kulanti ya dizeli za malori kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Slivu zinazoguswa na maji hutobolewa na viputo vya mtetemo zikikosa dawa ya kinga. Usichanganye aina mbili za kulanti, na usiamini rangi, maana watengenezaji hawafuati rangi moja. Safari mbili za kwanza panda mlima uleule, na kila asubuhi tazama kiwango cha tangi injini ikiwa baridi. Kikishuka kidogo mara ya kwanza kisha kikasimama, ni hewa ya mwisho imetoka. Kikishuka kila siku, rudi kwenye pampu ya kupimia.